Alama Arobaini za Mzee Menza

Diani,
9 Februari 1998

Kaka yangu Wambua,

Pokea salamu zangu na za wote wa huku dobini kwetu hotelini. Mimi ni mzima, ila mikono inachubuka kwa hii sabuni mpya tuliyoletewa. Mguu je? Suleiman wa gari la mikate aliniambia bado umetundikwa na vyuma kitandani, na kwamba unawachekesha wagonjwa wenzako mpaka wauguzi wanakugombeza. Nilifurahi kusikia. Ile siku ulipoanguka na ngazi ukiwa kazini pale baa nilidhani sitakusikia ukicheka tena mwaka huu. Mama naye hajambo. Mvua imeozesha mahindi yake ya Shimba Hills, lakini anasema mihogo imesimama.

Sasa nikueleze habari za mchezo, maana uliniachia kiti chako na lile sanduku la mchezo alilokuachia mgeni yule, mwalimu kutoka Denmaki, na nimeona kazi yake si ndogo.

Jumatano mbili tumekaa, saa nane mchana, kwenye meza ile ile ya nyuma ya kantini wakati wa mapumziko. Nilianza kama ulivyonifundisha: kila mmoja na karatasi yake, kila karatasi na mtu wake wa kubuni, na kila mtu huyo na alama arobaini za kumgawia nguvu, wepesi, akili, ulimi na ufundi. Mimi nasimulia safari, wao wananiambia watu wao wanafanya nini, na dadu ndiyo inayokata shauri. Hapo hakuna tabu. Tabu ni kwamba arobaini za Austine si arobaini za wenzake.

Unamjua Austine wa mapokezi alivyo. Amekisoma kitabu chote cha kanuni kwa Kiingereza chake cha sekondari, akaziweka alama zake mahali ambapo kila moja inaisukuma nyingine. Mtu wake, Jabali, alimaliza majambazi saba kabla mpishi Rai hajamaliza kuniuliza mganga wake amesimama wapi. Na Mzee Menza wa bustani, masikini, alama zake amezitapanya kama mtu anayemwagia kuku mtama: mbili kwenye kuogelea, tatu kwenye kuimba, tatu kwenye kuijua miti, na kadhalika. Mtu wake Fundi Bakari anajua kila kitu kidogo kidogo, na pigo la kwanza tu yuko chini. Jumatano iliyopita alikaa saa nzima anatazama wenzake wanacheza. Nilipomwomba radhi akasema, "Si neno, mwanangu. Hata kutazama ni kucheza."

Lakini niliona hakucheka. Rai naye alikuwa anapiga miayo. Kaka, nifanyeje? Nikimpunguza Austine atanuna. Nikiwaacha hivi, wiki ya tatu nitakaa na Austine peke yake.

Dada yako,
Kavita


Msambweni,
14 Februari 1998

Kavita dada yangu,

Barua yako ilinifikia pamoja na mkate wa siagi, na vyote viwili nimevimaliza siku moja. Mimi naendelea. Daktari anasema mfupa umeanza kushikana, bado wiki sita au nane. Mgongo ndio unaoniua kwa kulala upande mmoja. Msalimie Mama ukipanda Shimba Hills.

Kuhusu Austine, usimguse. Mtu aliyejenga vizuri hana kosa, ukimkata mikono atakuona mwonevu. Fanya hivi. Adui wanaomwendea Menza, walegeze wewe kimya kimya. Yule jambazi mwenye afya ya alama ishirini, akifika kwa Bakari awe na kumi. Dadu yako wewe unaitupa nyuma ya kifuniko cha sanduku, nani ataona? Mimi nilikuwa namfanyia hivyo tangu mwanzo. Ila asijue, maana mzee yule ana haya nyingi.

La pili, hilo ndilo linaloninyima raha. Mgonjwa mmoja wa kitanda cha jirani ana mke hapo hotelini kwetu, upande wa vyumba. Amesema wageni hawajarudi tangu zile fujo za Likoni za mwaka jana, na kwamba meneja anatayarisha orodha ya watu wa kupunguzwa. Ni kweli? Na mimi niliyelala hapa, nani atasema neno langu? Tena nikukumbushe: mwaka jana nilitania mezani petu kwamba meneja anahesabu vijiko kabla ya kusali. Siku mbili baadaye meneja aliniita akanirudishia maneno yale yale. Tulikuwa watano mezani. Jiulize nani aliyapeleka.

Chunga ulimi wako, na macho yako yawe wazi.

Kaka yako,
Wambua


Diani,
5 Machi 1998

Kaka Wambua,

Salamu baada ya salamu. Natumaini mgongo umepata nafuu na yale mafuta niliyompa Suleiman akuletee. Huku tuko salama, ingawa habari ya orodha ni ya kweli. Inasemwa watu kumi na wanane. Rai, kwa kuwa ni katibu wa kamati ya wafanyakazi, anaitwa ofisini karibu kila siku, na akitoka hasemi kitu.

Ushauri wako niliufuata. Jumatano ya kwanza Fundi Bakari aliangusha majambazi wawili, Rai akapiga meza kwa furaha. Ya pili, akaangusha mamba. Nilidhani nimepata dawa. Lakini Mzee Menza baada ya yule mamba alinitazama, akaitazama dadu iliyo nyuma ya kifuniko, akanitazama tena. Alikunja karatasi yake akaondoka bila kumaliza chai.

Jana sasa. Unajua kanuni ya kitabu: kila baada ya vikao vitatu mtu anaruhusiwa kuzipanga upya alama zake. Menza akaja na karatasi mpya. Kaka, hebu sikiliza. Nguvu amezifuta zote. Ameziweka alama kwenye kuona mbali, subira, na ufundi wa mitego, halafu akatumia kanuni moja ya ukurasa wa sitini na moja inayomruhusu mtu kuandaa uwanja kabla ya adui kufika. Mimi msimulizi sikuijua kanuni hiyo, ilibidi nifungue kitabu. Ipo. Nikajumlisha alama zake mara mbili, nikampa Rai naye ajumlishe. Arobaini kamili.

Wale maharamia kumi niliokuwa nimewaandaa kwa ajili ya Austine walikwama wote kwenye mashimo na kamba za Bakari. Jabali hakuchomoa upanga. Austine alikuwa anacheka kama mtu aliyeshinda yeye. Menza alikuwa ametulia tu, mikono juu ya magoti.

Mwandiko ni wake, zile herufi kubwa kubwa. Lakini akili ile ni ya nani? Mzee huyu alituambia aliishia darasa la nne, na Kiingereza chake ni "good morning" ya wageni basi. Kitabu hakina Kiswahili hata mstari mmoja. Tena kuna jambo. Mlinzi wa lango la nyuma ameniambia asubuhi mbili tatu amemwona Menza akitokea ujia wa ofisini, saa kumi na mbili kasoro, kabla bustani haijafunguliwa. Mtunza bustani ana shughuli gani ofisini alfajiri?

Sitaki kumdhania mtu vibaya. Lakini nimelala vibaya.

Dada yako,
Kavita


Msambweni,
8 Machi 1998

Kavita,

Salamu. Mguu vilevile. Nimeisoma barua yako kisha nikamwomba muuguzi aninyanyulie mto ili niisome tena nikiwa nimekaa.

Dada, mtu anayeficha elimu yake anamficha nani? Sisi tulikuwa tukisema mbele ya Menza mambo ambayo tusingeyasema mbele ya mtu mwingine, kwa kuwa tulimwona mzee wa reki na ndoo ya maji. Tulisema kuhusu meneja. Tulisema kuhusu kamati. Yeye anatabasamu, anasema "si neno, mwanangu". Na sasa imedhihirika kwamba anasoma kitabu ambacho wewe mwenye kidato cha nne hukukimaliza. Halafu anatokea ofisini alfajiri. Halafu orodha inaandikwa. Mimi simtuhumu, nayapanga tu mambo kwa mstari.

Mjaribu. Mwekee ukurasa wa Kiingereza mbele yake, umwombe akusomee, umtazame macho. Na liwe liwalo, Rai lazima ajue. Yeye ndiye anayekwenda kuzungumza na wakubwa kwa niaba yetu. Hawezi kwenda na mtu wa wakubwa amekaa mezani pake.

Nifanyie hili, Kavita. Mimi nina watoto wawili na mguu mmoja.

Kaka yako,
Wambua


Diani,
20 Machi 1998

Kaka Wambua,

Nakusalimu. Wanao wanaendelea vizuri, wifi alipita hapa Jumapili akasema mdogo ameota meno mawili.

Nilifanya ulivyosema. Jumatano ya wiki iliyopita nilifungua kitabu mbele ya Menza, nikamwambia, "Mzee, hebu nisomee kipande hiki, macho yangu yamechoka na mvuke wa dobi." Akakivuta, akakitazama muda mrefu. Jasho likamtoka hapa juu ya mdomo. Kisha akasema, "Miwani yangu nimeisahau nyumbani, mwanangu."

Kaka, miaka mitatu niliyomjua sijawahi kumwona mzee yule na miwani.

Rai aliona. Tulipobaki wawili nikamweleza yote: karatasi, ukurasa wa sitini na moja, mlinzi wa lango, lile la vijiko. Alikuwa anapangusa meza. Akaendelea kuipangusa hata palipokuwa pakavu. Mwishoni akasema, "Asante kwa kuniambia," basi.

Tangu siku hiyo meza imekuwa baridi. Neno limetoka jikoni limefika vyumbani, limefika hata ufukweni kwa wauza vinyago. Menza akiingia kantini watu wanakumbuka wana kazi mahali. Jana akaketi na bakuli lake la maharage peke yake, na benchi zima tupu. Alinifuata nje akaniuliza, "Kavita, kuna neno?"

Nikamjibu, "Hakuna neno, mzee."

Akasema, "Haya," akaenda kuchukua mpira wa kumwagilia maji.

Austine alikasirika. Aliniambia, "Manze, mnamwangalia mzee wa watu kama amekula mtu. Amewakosea nini?" Nilitaka kumwuliza kwa nini yeye anamtetea sana. Austine naye yuko mapokezi, mlango wa ofisi uko nyuma ya kiti chake. Sasa na yeye namtazama kwa jicho jingine. Kila mtu namtazama. Juzi nilimtazama hata mlinzi wa lango, nikajiuliza kwa nini yeye aliniambia mimi.

Tumeacha kucheza. Hakuna aliyesema tuache, ila Jumatano ya wiki hii ilifika na hakuna aliyekuja.

Dada yako,
Kavita


Msambweni,
2 Aprili 1998

Kavita,

Salamu. Wiki mbili hujaandika. Suleiman amesema orodha imebandikwa tangu Jumatatu na kwamba kulikuwa na kilio jikoni, lakini yeye hakuisoma, alikuwa anashusha mikate. Nimekaa na neno hilo siku nzima. Niambie tu, jina langu lipo au halipo? Usinifiche kwa ajili ya mguu. Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Wambua


Diani,
6 Aprili 1998

Kaka Wambua,

Jina lako halipo. Nalisema kwanza ili upumue.

La Mzee Menza lipo.

Nitakueleza ilivyokwenda, nawe usome pole pole. Meneja aliwapa kamati majina ishirini na wanne, akasema, "Nichagulieni sita wa kubaki." Jina lako lilikuwamo, na la Menza pia. Rai aliwasemea sita, nawe ukawa wa tatu: mtu aliyeumia kazini hafukuzwi akiwa kitandani. Ilipofika kwa Menza, wajumbe walitazamana, na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka kumi na mmoja ameitunza bustani ile. Hakuna hata mmoja, kaka.

Jumanne asubuhi aliiosha reki yake kwenye bomba, akaipangusa kwa fulana yake, akaitundika stoo. Akapita dobini kuniaga. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote. Nilidhani atanilaumu. Alisema tu nimsalimie kaka yangu na nimwombee mguu upone.

Jioni ile ile Austine alikuja dobini. Alisimama kati ya mashuka yaliyoanikwa, macho mekundu.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Unajua alikuwa anafanya nini kwangu asubuhi? Alikuwa anakuja kusomewa."

Sikumwelewa. Akanieleza. Zamu yake ya usiku inaisha saa kumi na mbili. Tangu lile jambo la mamba, Menza alikuwa anafika mapokezi nusu saa kabla, anasimama upande wa pili wa kaunta na kofia mkononi. Alimwambia Austine, "Kavita ananihurumia. Kila nikipiga mimi, adui anaanguka kabla pigo halijamfika. Sitaki kuhurumiwa. Nisomee kitabu, kila neno, nami nitajipangia mwenyewe." Austine akawa anamsomea Kiingereza, anamgeuzia kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, wiki nzima. Menza alikuwa anasikiliza na kuuliza. Kuandika akaandika nyumbani.

"Wewe hukumpangia?" nikamwuliza.

"Mimi?" Austine akasema. "Mimi hata sikuwahi kufikiria mitego. Nilimwambia aweke nguvu. Akanikatalia, akasema mtu wa shamba hapigani na nguruwe kwa ngumi, anamchimbia shimo."

Mashimo na kamba, kaka. Mtu aliyezaliwa shambani Mkongani, anayechimba tangu utoto wake. Nilikuwa na karatasi ile mkononi, nami nikauliza akili ile ni ya nani.

Na Kiingereza hajui. Ndivyo alivyotuambia tangu siku ya kwanza. Nilimwekea ukurasa asioweza kuusoma, mbele ya Rai, akaona haya akazua miwani. Kile nilichokiita ushahidi ilikuwa aibu ya mzee.

Nilimwuliza Austine kwa nini hakusema mapema. Akasema mzee alimwapisha. Alitaka sisi tushangae.

Kuhusu vijiko, nimemwuliza Rai. Amecheka kwa uchungu. Anasema wewe mwenyewe uliusema utani ule mbele ya kaunta ya baa siku hiyo hiyo, meneja akiwa amekaa na wageni wake nyuma ya nguzo. Kila mtu wa baa anajua. Hakukuwa na mpeleka maneno. Kulikuwa na mimi na wewe tu.

Kavita


Msambweni,
10 Aprili 1998

Dada yangu,

Leo ni Ijumaa Kuu, kwaya imepita wodini ikituimbia. Nimeisoma barua yako mara nne. Vyuma wamevitoa, sasa najifunza kutembea kwa magongo, lakini furaha yake siioni.

Nakumbuka sasa kwamba nilikuwa nimekunywa siku ile ya vijiko. Sikumbuki nani alikuwa nyuma ya nguzo. Inawezekana.

Lakini nisikilize, Kavita. Jambo limekwisha kutokea. Orodha imesainiwa. Ukisimama sasa ukasema ulikosea, watauliza nani alikutia maneno hayo, na jina langu limetoka kuokolewa juzi tu. Meneja anatafuta sababu. Ngoja nirudi kazini kwanza, nisimame kwa miguu yangu, kisha tutatafuta namna ya kumsaidia mzee. Hata kumpelekea unga na sukari. Kwa sasa usimwambie Rai neno. Nakuomba kama kaka.

Wambua


Diani,
27 Aprili 1998

Kwa Wambua,

Salamu za Mama nakuletea, anauliza utafika lini.

Barua yako niliipata Jumamosi ya Pasaka. Nilikaa nayo siku tatu. Jumanne saa ya chakula cha mchana nilisimama kantini, watu wakiwa na sahani zao, nikasema: "Maneno ya Mzee Menza kuwa mtu wa ofisi niliyaleta mimi, nayo ni uongo." Nikaeleza karatasi, na Austine, na miwani. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja wa vyumba alianza kulia, akasema mzee alikuwa anamwekea maua ya kumpelekea binti yake mgonjwa, na yeye alikuwa amehama benchi.

Rai alikwenda kwa meneja siku hiyo hiyo, tena mara ya pili. Amejibiwa orodha haifunguliwi.

Jumapili iliyofuata mimi na Austine tulikwenda Mkongani. Tulimkuta Menza anapalilia mihogo na mkewe. Alitukaribisha vizuri mno, Wambua. Alitandika mkeka, mkewe akatuletea madafu, tukaulizwa habari za njiani na za wazazi mpaka zikaisha. Nikamweleza. Sikuacha kitu cha kwangu: kulegeza adui, kumjaribu na ukurasa, kumwambia Rai.

Alisikiliza huku akichonga mpini wa jembe. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikaa wiki nzima naitayarisha karatasi ile. Mke wangu huyu ni shahidi, nilikuwa naongea peke yangu. Nilipoileta, nikaona mnajumlisha. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nikangoja. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia hongera."

Nilishindwa kuinua uso. Austine ndiye aliyelia.

Kisha akaniuliza, "Fikra hii ulikuwa nayo peke yako?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee, mimi peke yangu."

Alinitazama, akarudi kwenye mpini wake. Huo ni uongo mwingine niliomwambia, na huu nimeusema kwa ajili yako. Sitausema tena. Akiniuliza mara nyingine nitamwambia kweli, kwa hiyo ni heri umfikie wewe kabla swali halijanifikia mimi.

Sanduku nimempa Austine. Atakuwa anampelekea Menza Jumapili zake za mapumziko, wacheze na jirani zake wawili. Mimi sikualikwa.

Kavita


Mkongani,
31 Mei 1998

Kavita dada yangu,

Hujambo? Najua mwezi mzima hukupata hata salamu kutoka kwangu. Nilianza barua tatu nikazichana. Ninaandika hii nikiwa nyumbani kwa Mzee Menza, kwenye daftari la binti yake, mkewe akiwa anasonga sima. Niliruhusiwa kutoka hospitali leo asubuhi. Suleiman alinipandisha mpaka Kwale, na kutoka pale nikapata pikipiki ya mwalimu mmoja. Sijapita Diani. Mke wangu hajui niko wapi. Nilijua nikifika nyumbani kwanza sitakuja.

Menza alinikuta nimesimama uani na magongo yangu. Alisema, "Kaa kwanza, mguu huo haujazoea." Akanipa kigoda, akaendelea kupukuchua mahindi. Nikachukua hindi moja, nami nikawa napukuchua. Tulikaa hivyo labda nusu saa. Aliniuliza habari za wodi, chakula chake, kama kuta bado ni za kijani. Mimi nikawa najibu.

Mwisho nikamwambia, "Mzee, Kavita alikudanganya. Fikra ile haikuwa yake. Alikuwa na mashaka kidogo, mimi ndiye niliyeyapangia mstari. Mimi ndiye niliyemwambia akujaribu na amwambie Rai. Nilikuwa naogopa jina langu, nikatafuta mtu wa kusimama mahali pangu."

Akaendelea kupukuchua. Nikaongeza, "Na baada ya kujua kweli, nilimkataza asiseme."

Hapo ndipo mikono yake ilipotulia. Akaniuliza, "Hata baada ya kujua?"

Nikasema, "Hata baada ya kujua."

Kavita, sijapata kutazamwa namna ile. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu usoni mwangu alichokuwa na hakika kipo. Kisha akainuka, akaingia ndani. Nilidhani hatatoka. Nikaanza kutafuta magongo yangu. Akatoka na bakuli la maji, akaliweka mbele yangu, akasema, "Nawa mikono. Chakula kiko karibu."

Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwuliza. Nilimwambia kesho nitakwenda kwa Rai na kwa meneja niseme niliyoyasema hapa, na nitaomba kwamba kwa miezi ya mapumziko iliyonibakia apewe yeye kazi yangu, kama watakubali. Akasema, "Wewe kaseme. Mimi kurudi pale sirudi. Nimepata bustani ya nyumba moja ya binafsi Tiwi, naanza mwezi ujao." Austine ndiye aliyemtafutia, kwa mgeni aliyemzoea hapo mapokezi.

Nilipouliza kama Jumapili ijayo Austine atakuja na sanduku, alisema atakuja. Kisha akasema, "Ukitaka, njoo usikilize. Kucheza bado. Lakini kusikiliza, njoo." Halafu akauliza kama nawe una nafasi Jumapili.

Nimemwambia sijui, nitakuandikia. Ndiyo nimekuandikia. Jumapili nitakuwa kituoni Kwale saa mbili asubuhi. Njoo, dada. Peke yangu nitaona aibu kufika, na nisipofika nitaona aibu zaidi.

Kaka yako,
Wambua